Send-off ya Furaha

Kabla hujagusa gauni la prom, ile dansi ya wanafunzi wanaomaliza sekondari, muulize binti atavaa viatu gani, na usikubali jibu la mdomo. Mwambie avilete. Atakwambia vipo nyumbani, vinafanana na hivi alivyovaa, tofauti ni kidogo tu. Hiyo tofauti kidogo ndiyo itakayomfanya akanyage pindo lake mbele ya wenzake. Akivileta, mvalishe, msimamishe juu ya kibao, kisha mwambie aketi, ainue mikono, acheze kidogo. Ataona haya. Afadhali aone haya kwako kuliko ukumbini, mshono ukimwachia kwapani.

Naanzia hapo kwa sababu nyinyi vijana mliochukua meza zetu mnashona vizuri kuliko tulivyoshona sisi katika umri wenu, ila mnaamini upesi mnachoambiwa, na upesi zaidi mnachodhani mmeambiwa. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilimaliza kidato cha nne Tanga, nikajifunza cherehani kwa mjomba wangu, nikaja huku Marekani nikiwa na hakika kwamba nguo ni nguo popote. Nimestaafu nikiwa na uhakika mdogo kuliko ule niliokuja nao.

Duka letu lilikuwa Silver Spring, chini ya jengo la ghorofa, jirani na mahali tuliponunua unga na dagaa. Mwenye duka alikuwa Mama Ciru, Mkenya wa Nairobi, mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwangu kwa kila jambo linalohusu satini. Siku yangu ya kwanza alinipa gauni lenye shanga tangu kifuani mpaka magotini, akaniambia nilipunguze kiuno. Nikaliingiza kwenye mashine. Sindano ikavunjika. Nikaweka nyingine, nayo ikavunjika, na kipande kikaruka kikapita karibu na jicho langu.

"Mzee," akasema Mama Ciru, "unashona ama unapigana?"

"Kitambaa hiki kigumu."

"Si kitambaa, ni shanga. Kwani kwenu Tanga hakuna shanga?"

"Zipo. Lakini zetu zinavaliwa kiunoni, hazipitishwi kwenye mashine."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akanifundisha, na ninawafundisha nyinyi. Chukua koleo ndogo. Pasua shanga mojamoja kwenye njia ya mshono, uiminye shanga yenyewe bila kukata uzi wake. Acha kitambaa kitupu upana wa mguu wa mashine. Shona. Halafu shonea shanga nyingine kwa mkono juu ya mshono, pale pale zilipotoka zile ulizopasua. Kazi hii haina njia ya mkato, na anayekwambia ipo hajawahi kuona gauni likimwaga shanga sakafuni kama mchele.

Majoho ya graduation yana adabu yake. Yanafika yamekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, yana makunyanzi kama ramani, na mzazi anakuletea asubuhi ya siku yenyewe. Kijana mmoja aliniletea lake hivyo. Nikapasha pasi moto kama ninayepiga kanzu ya pamba, nikaiweka kwenye bega la joho. Pasi ikashika kitambaa, na nilipoinyanyua ikaondoka na kipande. Kijana alikuwa amesimama mbele yangu akitazama.

Mama Ciru alichukua mkasi. Alikata kipande cha kitambaa ndani ya pindo, akakishona begani kwa mkono, akamwambia kijana, "Sikiza, ukienda kwa stage, usiinue huu mkono. Salimia watu na ule mwingine." Mama yake alikuja baadaye kutwambia kwamba alipokea cheti kwa mkono wa kushoto na mwalimu mkuu akapigwa na butwaa. Tangu hapo sikugusa joho kwa pasi. Litundike bafuni, fungulia maji ya moto, funga mlango, uliache na mvuke. Na kama limekodishwa, usilikate hata likiwa refu kiasi gani. Pandisha pindo kwa mishono mirefu ya mkono, ambayo mwenyewe anaweza kuivuta ikatoka kwa mara moja.

Makosa ya namna hiyo yana dawa. Kipande kikiungua kuna kiraka, shanga zikimwagika kuna ufagio. Sasa nitawaeleza kosa langu jingine, ambalo halikuwa la sindano.

Msimu mmoja, miaka michache iliyopita, alikuja dukani mama mmoja Mkongomani anayeishi Temple Hills. Tulimwita Mama Furaha, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba yao ya matunzo, na alikuja akiwa bado na sare ya kazi. Mama Ciru siku hiyo hakuwepo, kwa hiyo nilimpokea mimi. Alileta satini ya kijani na kitenge cha kuunganisha mgongoni.

"Fundi," akasema, "nataka robe, gauni ya Furaha, muzuri sana. Tunamufanyia send-off."

Hapa lazima mnisikilize kwa makini, hasa nyinyi mliozaliwa huku. Kwetu Tanzania send-off ni sherehe moja tu duniani: ya kumuaga binti anayeolewa. Kunakuwa na ukumbi, keki, wazazi wanalia, na baada ya hapo mtoto ni wa watu. Sijawahi kulisikia neno hilo likitumika kwa kitu kingine. Nikamtazama Furaha, aliyekuwa amesimama karibu na kioo akibonyeza simu. Alikuwa na miaka kumi na saba.

"Hongera, mwanangu," nikamwambia. "Uko tayari?"

"I guess," akajibu bila kuinua kichwa. Alikuwa akielewa Kiswahili chote, ila alikijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huku.

"Na kijana ni wa wapi?" nikamuuliza mama.

"Wazazi wake ni ba Nigeria. Ni mutoto muzuri, anasoma naye. Tutaweka zulia nyekundu mbele ya nyumba, majirani watakuya, batu ba kanisa watakuya. Halafu kijana anakuya na gari, anamuchukua."

"Anamchukua," nikarudia.

"Ndiyo. Tunapiga picha, anamuchukua."

"Na baba yake anasemaje?"

Mama Furaha akashusha sauti. "Baba yake bado sijamuambia yote. Unajua banaume. Nitamuambia pole pole, robe ikiisha."

Mnaona mambo yalivyopangika. Kila jibu lilikaa mahali pake kama vipande vya gauni lililokatwa vizuri. Neno prom halikutajwa hata mara moja, kwa sababu huko Temple Hills kila mtu anajua send-off ni nini, na Mama Furaha alidhani nami najua. Mimi nilikuwa nimeshona nguo za prom miaka mingi. Nilizijua tangu shingoni mpaka pindoni, lakini sikujua zinakwenda wapi zikitoka mlangoni petu. Wateja walizungumza na Mama Ciru huku mbele, mimi nilikuwa nyuma na mashine. Hata mwezi wenyewe, Mei, ambao tulishona prom tupu, haukunishtua.

Nikampima binti. Nikaandika vipimo. Nikajiambia mambo ya nyumba za watu hayanihusu.

Jioni nilipita dukani kwa jirani kununua unga. Muuzaji alikuwa Mrundi, mtu wa mazungumzo, anayeimba kwaya katika kanisa lile lile wanakosali kina Furaha. Akalalamika kwamba siku hizi vijana hawaoi. Nikamwambia wanaoa, tena mapema mno. Kuna mama anamwoza binti yake wa shule, na baba mwenyewe hajaambiwa. Akauliza ni nani. Nikamwambia.

Nimejaribu mara nyingi kujishawishi kwamba nilisema kwa kumhurumia mtoto. Ingekuwa huruma ningemuuliza mama yake swali moja zaidi. Nilisema kwa sababu nilikuwa na habari ambayo mwenzangu hakuwa nayo, na ilikuwa tamu mdomoni. Fundi anaona mengi. Anajua nani amenenepa, nani ana mimba, nani amevua pete. Hayo yote anaaminiwa nayo bila kuapishwa, na mimi nilimpa mtu huku nikisubiri apime kilo mbili za unga.

Gauni lilikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Lilikuwa kazi yangu bora. Kitenge kilishuka mgongoni na kufunguka chini kama feni, na Furaha alipolijaribu aliweka simu chini kwa mara ya kwanza. Alizunguka mbele ya kioo, akazunguka tena. "Yo," akasema. Kisha akaniangalia, "Mzee, this is crazy." Nikamuuliza Mama Ciru kama hilo ni tusi. Akasema hapana, amekusifu.

Wakati huohuo maneno yangu yalikuwa yakitembea. Yaliingia kwenye kwaya, yakatoka kwenye kwaya yakafika kwa wazee wa kanisa, na siku ya mazoezi mzee mmoja akampa mkono Baba Furaha na kumwambia hongera, ila kwa nini unaoza mtoto mdogo hivyo, tena kimyakimya?

Ijumaa, siku moja kabla ya prom, Mama Furaha alikuja kuchukua gauni. Macho yalikuwa yamevimba.

"Fundi, ni nani anasema namuozesha mutoto wangu?"

Nikainama kukata uzi wa pindo. Mama Ciru akauliza kumetokea nini, naye akaeleza: mume amerudi na hasira, kanisani wanasema amemuuza binti kwa Wanigeria, na sasa amekataa asitoke na kijana yule wala gari lile.

"Lakini si ni send-off ya prom?" Mama Ciru akashangaa. "Watoto wanasimama nje ya nyumba, watu wanapiga picha, halafu wanaenda zao kudansi. Nani huyo hajui send-off?"

Nikaweka mkasi mezani. Nadhani Mama Ciru alisoma uso wangu, maana aliliacha swali lake hapo hapo, na yeye si mtu wa kuacha swali.

"Nitakwenda kuzungumza na Baba Furaha," nikasema.

"Enda, Fundi," Mama Furaha akaniambia. "Wewe ni mutu muzima, atakusikia."

Akanipeleka kwa gari lake. Njiani nilipanga maneno yangu. Nilipanga kusema: mimi ndiye. Nilisikia neno la kwenu kwa sikio la kwetu, nikalipeleka kwa watu. Si maneno mengi hayo.

Baba Furaha alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kochi, mikono juu ya magoti. Mtu wa maneno machache, wa heshima, mwenye sauti nzito ya besi. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Karibu, Fundi. Unaleta nguo?"

"Naleta maelezo, Baba Furaha."

"Maelezo imekuwa mingi hii wiki. Kaa."

Nikakaa. Nikamweleza prom ni nini, send-off ya huku ni nini, na send-off ya kwetu Tanzania ni nini. Nilieleza vizuri. Kisha nikasema, "Kwa hiyo lilieleweka vibaya, na likasemwa."

"Lilisemwa na nani?"

Nilikuwa na nafasi pale, pana kama mlango. Nikaona uso wa Mama Furaha ukinitazama kwa shukrani. Nikaona aibu ya kutoka nyumba ile nikiwa fundi mmbea. Nikasema, "Na watu tu, Baba Furaha. Mji huu una maneno."

Mnaojifunza Kiswahili mtafundishwa kwamba kitenzi kinaweza kusimama bila mtendaji. Lilisemwa. Ilisikika. Imeharibika. Ni lugha yenye huruma sana kwa waoga.

Akanitazama usoni. "Sawa," akasema. "Kama ni batu, basi ni batu. Unaona, mimi sina mutu wa kuonyesha. Ningepata yule alianza, ningemupeleka kwa mchungaji leo hii, aseme alikosea, kanisa icheke, iishe. Sasa Furaha akipanda ile gari kesho, watasema ndiyo ile, Baba Furaha amefanya kweli. Hatapanda."

"Papa, please," binti akasema kutoka mlangoni.

"Hapana, mama," akamwambia binti. "Hapana."

Furaha hakulia wala hakupiga kelele. Akanigeukia mimi, akanikazia macho. Mama yake alikuwa amelitamka lile neno kwa fundi mmoja tu, siku moja tu, na yeye alikuwepo, karibu na kioo. Niliinuka nikaaga. Hakuna aliyenisindikiza ila mama.

Prom ilifanyika siku ya pili kwenye hoteli moja huko Oxon Hill, karibu na mto. Kijana alikwenda na rafiki zake. Zulia jekundu Mama Furaha alilirudisha kwa jirani alikoliazima. Mimi siku hiyo nilikuwa dukani nikimfungia zipu binti mwingine, nikamwambia aketi, ainue mikono, acheze kidogo.

Ungedhani ningerudi kwa Baba Furaha kesho yake. Sikurudi. Msimu ulikuwa wa kazi nyingi, prom zilifuatana, halafu majoho. Hiyo ni sababu ya kweli, na haitoshi.

Siku ya graduation Mama Furaha alinialika. Bado alikuwa hajui, au alikuwa amejizuia kujua. Nilikwenda. Ilikuwa kwenye uwanja mkubwa wa ndani, majina yakasomwa mfululizo kwa mwendo wa mashine, mengine yakivunjwavunjwa, na kila jina la Kiafrika likishangiliwa kwa vigelegele hata na wasiolijua. La Furaha lilisomwa sawa. Mama yake alipiga kigelegele ambacho naamini kilisikika mpaka Virginia, jimbo la jirani.

Nje, kwenye maegesho, familia zilikuwa zikipigana picha. Nikamwona Baba Furaha amesimama peke yake kando ya gari, ameshika maua yaliyofungwa kwa karatasi. Nikamwendea.

"Baba Furaha," nikasema, "yale maneno niliyasema mimi. Nilimwambia muuza duka. Mimi ndiye niliyeanza."

Hakushtuka. Akahamisha maua kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Nilijua," akasema. "Nilijua pale pale ku salon ya nyumba yangu, uliposema ni batu."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Haikuwa kazi yangu kukutaja, Fundi. Uko mukubwa kwangu. Nilikungoya. Nilikungoya mupaka asubui ya ile siku, nikasema labda atapiga telefone. Ungesema wewe mwenyewe, tungeenda kwa mchungaji, ungeongea, tungecheka. Mutoto angeenda yake."

Nikamwambia, "Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Lakini ile siku haikuwa yangu."

Wakati huo Furaha alikuja na mama yake, joho likipeperuka, kofia imelalia upande mmoja. Baba akampa maua. Kisha akamwambia, kwa ile sauti yake ya besi, "Fundi ana neno na wewe."

Nikalisema tena, lote, pamoja na mtendaji wake. Mama Furaha akaweka mkono mdomoni. Furaha alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea chenji dukani.

"Okay," akasema. "Asante kwa kuniambia."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili kwangu, na ilikuwa na adabu kamili. Sikuona hasira ndani yake, wala sikuona kitu kingine.

Mtu wa kupiga picha akatuita tusogee. Ile kofia ilikuwa bado imelala upande, na mikono yangu, ambayo imezoea kurekebisha watu bila kuniuliza, ikainuka kwenda kuinyoosha. Furaha akarudi nyuma nusu hatua.

"I got it, Mzee," akasema.

Akaivua, akaigeuza, akaiweka tena mwenyewe. Ilikaa sawasawa.